Turbo ya Pili ya Baba Mkwe

Wewe! Sikia yaliyonipata.

Si unalijua lori la baba mkwe, ukikanyaga mafuta linawaza kwanza? Nimelifungia turbo ya pili, ndogo, iwahi kuisukumia injini hewa wakati ile kubwa ya zamani bado inajikusanya.

Nikamwambia, "Baba, sasa kanyaga taratibu." TARATIBU! Akaitikia kabisa.

Mguu ukaenda kama ulivyozoea, mpaka chini. Lori likaruka, likang'oa geti la gereji, likapanda pikipiki yangu!

Kashuka mzima, hana hata mchubuko. Nikajua ataniomba radhi. Ananiambia, "Mwanangu, zamani lilikuwa linanipa nafasi ya kughairi."

Ya kughairi!! Geti liko chini, pikipiki iko uvunguni mwa lori, na yeye amevuta kiti, anasubiri niifungue hiyo turbo.

Na naifungua.