Turbo Haijafa, Shangazi

Mpendwa Shangazi, naomba msaada wako na nakuomba usinicheke, maana hili si jambo la mchumba kama yale unayojibu kila wiki, ni jambo la turbo ya lori, ile pampu inayoisukumia injini hewa, na nimelibeba kifuani siku tatu sasa.

Nina miaka kumi na minane, nimemaliza shule mwaka huu, na baba yangu mdogo, ambaye ni fundi wa malori, alinichukua gereji kwake wakati watu wote wa nyumbani walikuwa wanasema msichana asiyeweza kumsalimia mgeni bila kutazama vidole vyake vya miguu atafanya nini kwa mafundi wanaotukanana tangu asubuhi, na yeye akawajibu, "Mnyamavu ndiye ninayemtaka, wasemaji ninao watano." Tangu hapo ananisifu mbele ya kila mteja kwamba huyu mtoto hasahau kitu.

Shangazi, nimesahau. Wiki iliyopita alinipa kazi ya kurudishia kwenye lori moja bomba la mpira linalotoa hewa kwenye turbo na kuipeleka kwenye rejeta inayoipoza kabla haijaingia kwenye injini, nikalichomeka vizuri, nikaizungusha klipu ya chuma inayolibana, kwa vidole tu ili ishike, nikaenda kutafuta bisibisi, njiani fundi mmoja akaniita nimshikie taa, nikamshikia, na niliporudi lori lilikuwa limeshaondoka, nikajiambia labda kuna mtu ameikaza. Hakuna aliyeikaza.

Lori limerudi Jumatatu halina nguvu, mlimani linapitwa na baiskeli, linatoa moshi mweusi, na dereva wake, mzee mmoja mpole wanayemwita Taratibu kwa sababu hajawahi kumpita mtu barabarani, akasema anasikia mluzi kila anapokanyaga mafuta. Baba mdogo, ambaye masikio yake yameliwa na injini kwa miaka thelathini, hakusikia mluzi wowote, ingawa mimi niliusikia. Alipanda, akakanyaga mafuta lori likiwa limesimama na halina mzigo, akatazama geji, akashuka akifuta mikono.

"Presha hakuna. Turbo imekufa."

"Imekufaje, fundi, na juzi ilikuwa nzima?" Taratibu akauliza.

"Haikufa yenyewe, mzee wangu. Umeiua wewe kwa kukimbiza gari."

"Mimi? Mimi naendesha mpaka kuku wananipigia honi!"

Mafundi walicheka, lakini mwenye lori, mama mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni na mkoba wake, hakucheka. Alisema turbo mpya inakuja Jumatatu ijayo, na siku hiyo hiyo Taratibu amkabidhi funguo, atafute gari lingine la kuua.

Nilikuwa pale pale, na ndoo ya nati mkononi. Nilifungua mdomo, kikatoka kikohozi. Mafundi walipokwenda kula saa saba nikaenda kuigusa ile klipu, inazunguka kama pete kwenye kidole cha mtu aliyekonda, na mwisho wa bomba umetapakaa mafuta machafu yaliyorushwa na hewa inayovuja. Tena nimesoma kwenye kitabu cha injini kwamba presha ya turbo haipimwi lori likiwa limesimama tupu, kwa sababu bila mzigo hata turbo nzima haitoi presha ya maana, sasa mimi wa juzi nitamwambiaje hivyo mtu aliyenifundisha kushika spana?

Nimefikiria nisubiri wafunge turbo mpya, halafu niikaze klipu kimya kimya, lori litapona, baba mdogo atasifiwa, na hakuna atakayejua. Lakini jana Taratibu aliniuliza kama najua mahali wanapotafuta dereva. Shangazi, nifanyeje?

Mnyamavu wa gereji

Shangazi anajibu:

Binti yangu, asante kwa kunipumzisha na wachumba. Mimi turbo nilidhani ni jina la dawa ya mende, kwa hiyo nimemsomea barua yako jirani yangu, fundi wa malori, mtu mwenye matusi mengi na kazi safi. Alicheka mpaka akakaa chini. Aliposikia habari za dereva akaacha kucheka.

Anasema umeona sawasawa. Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kuunguzia, mluzi ni hiyo hewa inayotoroka, na baba yako mdogo amempima mbio mtu aliyelala kitandani. Lakini anasema pia usijifanye bingwa: klipu kulegea hakuthibitishi kwamba turbo ni nzima. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, likaguliwe panga la turbo, yaani feni yake ya ndani, kwa kidole kama linachezacheza. Kisha klipu ikazwe, lori lipakiwe mzigo, lipandishwe mlima, na geji itazamwe huko huko mlimani. Likipanda na presha ikapanda, maiti imefufuka.

Sasa nije kwako. Kusahau klipu nimeshakusamehe, mimi mwenyewe nimewahi kuacha jiko linawaka nikaenda harusini. Ila huo mpango wako wa kukaza kimya kimya, eti lori litapona na wote watafurahi! Wote akina nani, mwanangu? Umemhesabu Taratibu? Haya yako ni nzuri sana ikiwa inakuinamisha macho mbele ya wageni. Ikianza kumfukuzisha mzee wa watu kazi, hiyo tunaiita hila, hata ikisema kwa sauti ndogo.

Huwezi kuhutubia? Usihutubie. Klipu usiiguse, iache ilivyo. Leo mafundi wakienda kula, mwite baba yako mdogo kwenye lori, uuchukue mkono wake, uuweke juu ya hiyo klipu, useme maneno manne: "Baba, hii niliiacha mimi." Atafoka. Mwache afoke, koo ni lake. Akishatulia, mwulize kama mnaweza kulijaribu lori na mzigo. Mwulize, usimfundishe, mtu mzima huvuliwa nguo chumbani.

Na ujiandae, maana anaweza kukuambia, "Nyamaza, tuikaze, yaishe, tusiaibike." Hapo hutamtii. Namba ya simu ya yule mama lazima imeandikwa mlangoni mwa lori, ndivyo wenye malori wanavyofanya. Mpigie mwenyewe, umwambie dereva hana kosa, klipu uliisahau wewe. Ukikohoa, kohoa, kisha endelea. Lakini iwe kabla ya Jumatatu, kwa sababu funguo zikishaingia mkononi mwa dereva mwingine, samahani yako haitazitoa.

Sitakudanganya, unaweza kufukuzwa gereji. Ila wewe una miaka kumi na minane na masikio yanayosikia mluzi, utapata gereji nyingine. Mzee anayetafuta kazi huku akitangazwa kuwa ameua turbo hapati hata toroli la kusukuma.

Leo ni Ijumaa. Mafundi wanakwenda kula saa saba.