Kompyuta Kwenye Roshani ya Bibi

Jumatatu, 13 Januari

Nimeganda tena. Siyo mimi, skrini! Mazoezi ya jioni ya mchezo wetu wa kupigana risasi mtandaoni, nimebaki peke yangu dhidi ya wawili, wa kwanza anachomoza nyuma ya ukuta, nabonyeza – picha ikasimama. Iliporudi nilikuwa maiti. Tumepoteza.

Saikal, kapteni wetu, hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema taratibu kwamba Jumamosi saa nane mchana ni mechi ya kuingia ligi ya wasichana ya Bishkek, na nikiganda kwenye mazoezi ya Ijumaa, nafasi yangu anachukua Cholpon. Mwaka mzima nimekaa benchi! Nimecheza wiki tatu tu. Sitoki.

Mchawi ni kadi ya michoro, ile inayochora picha za mchezo kwenye skrini. Binamu yangu alinipa baada ya kuichimbisha sarafu za mtandaoni miaka miwili bila kuizima. Imechoka, maskini.

Jumanne, 14 Januari

Nimepunguza kila kitu. Vivuli – chini. Majani – chini. Moshi, maji, mng'ao wa jua – kwaherini. Mchezo sasa unafanana na mchoro wa chekechea, lakini fremu, zile picha zinazopita, zimepanda kutoka sitini hadi tisini na tano kwa sekunde. Saikal anataka mia na ishirini, zisishuke. Na zinashuka! Baada ya robo saa kadi inafika nyuzi themanini na nane, inaogopa kuungua, inajipunguzia kasi yenyewe.

Nikamwomba Bibi nifungue dirisha, kidogo tu. Thubutu. Madirisha aliyaziba kwa mkono wake mwezi wa Oktoba, vipande vya karatasi na sabuni, na hayafunguliwi hadi Nooruz, sikukuu ya mwaka mpya mwezi wa Machi. Alisema hata akifa kabla ya hapo, jeneza litapita mlangoni.

Jumatano, 15 Januari

Nimeifungua kadi. Vumbi la kujaza kikombe! Nimeifuta, nimeipaka dawa mpya ya kupitishia joto, nikaanza kuipunguzia volti kidogo kidogo ili isipate joto. Hatua ya tatu, sawa. Ya nne, sawa. Ya tano – skrini nyeusi. Nilipowasha upya ikarudi, nami nikarudi hatua ya nne. Nyuzi themanini na moja, fremu mia na tano. Haitoshi.

Cholpon kanitumia ujumbe: ananitakia heri, na vidole vyake anavipasha moto, huwezi jua. Mshenzi mwenye adabu.

Alhamisi, 16 Januari

Nje nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri. Roshani ndiyo friji ya Bibi: nyama ya farasi, mitungi ya nyanya za chumvi. Nimeipeleka kompyuta huko! Nyaya zinapita chini ya mlango, upenyo nimeuziba kwa tambara, mimi na skrini tumebaki ndani. Kadi: nyuzi hamsini na mbili. Nikaiongezea kasi, nikaongeza tena, imemeza yote. Fremu mia na arobaini!

Bibi anadai ninampikia nyama yake. Kaenda kuigusa. Karudi akipuliza vidole kwa baridi.

Ijumaa, 17 Januari

Mazoezi. Sikuganda hata mara moja. Saikal kasema, "Begimai, kesho unaanza wewe." Naandika nisije nikadhani nimeota. Kompyuta nimeizima, inalala nje na farasi.

Jumamosi, 18 Januari. Saa nane kasoro dakika kumi na tano

Naandika ili mikono isibonyeze kitufe cha kuwasha.

Saa saba Bibi alinituma mkate wa wageni. Baba mdogo Toktobek na mkewe wamefika kutoka Naryn na nyama, karibu nusu farasi. Roshani ikawa ndogo. Baba mdogo akaiona kompyuta yangu imeota barafu, akaihurumia. Akaiingiza jikoni, akaiweka kando ya jiko, akaifunika blanketi! Na jikoni manti za Bibi, vile vifuko vya unga vyenye nyama, ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza kufuka mvuke. Miwani ya Baba mdogo mwenyewe ililowa alipoingia tu. Akaifuta, hakuwaza zaidi.

Nilipofunua blanketi, maji yalikuwa yanachuruzika. Nikachomoa kadi: matone kila mahali. Nililia, sifichi. Baba mdogo akauliza kwa sauti ndogo kama ameiua. Nikamwambia bado, ila nikiwasha ikiwa na maji, ndiyo basi. Akaketi, kofia mkononi.

Nilipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele. Nilipokausha upande huu, mvuke wa jikoni ulilowesha ule. Ndipo Bibi akazima jiko. Manti hazijaiva, wageni wametoka safari! Akachukua kisu, akakipitisha kwenye karatasi zake za Oktoba, upande mmoja, wa pili, akafungua dirisha mpaka mwisho. Baridi ikaingia yote, mvuke ukatoka.

"Vaeni makoti," akawaambia wageni. "Mtoto ana kazi."

Sasa saa nane kasoro dakika tano. Wote watatu wamekaa mezani na makoti, hakuna anayekula, wanaitazama kadi. Imekauka. Karibu yote. Chini ya feni, kwenye kona, limebaki tone moja ambalo hewa haifiki. Baba mdogo amesokota ncha ya leso yake, anainyoosha kuelekea hapo.

Saikal ameandika: upo, au nimwandikishe Cholpon?

Bibi anauliza nimemjibu nini huyo msichana. Nimeandika "nipo". Sijatuma –