Sikio la Kushoto Halinyamazi

Alhamisi, Kyuso. Jua limewaka tangu asubuhi na upepo umeleta vumbi hadi ndani ya kabati la dawa. Watu wako shambani wanavuna ndengu, kwa hivyo kliniki ilikuwa na akina mama wachache kuliko kawaida. Siku nyingine ningefurahia utulivu huo. Leo utulivu ndio adui yangu.

Shajara, nitaandika jambo ambalo hata mume wangu sijamwambia.

Sikio langu la kushoto linalia.

Haliumi. Ni mlio mwembamba, wa juu, usiokatika, kama sufuria ya maji inapokaribia kuchemka. Ulianza Ijumaa iliyopita nilipoenda Kitui mjini kusafisha meno. Fizi zilikuwa zinatoa damu kila nikipiga mswaki, na mimi ninayewahimiza wajawazito waangalie fizi zao nilikuwa nimeziahirisha zangu mwaka mzima. Na niseme ukweli wote, nilikuwa na tamaa nyingine. Nimekulia Ikutha nikinywa maji ya kisima, na meno yangu ya mbele yana rangi ya chai kama ya nusu ya watu wa huku. Ni madini ya maji yale, na rangi hiyo haisuguliki ikatoka. Mimi ni muuguzi, najua, na nimewaeleza wengine mara nyingi. Hata hivyo nilijilaza kwenye kile kiti nikitumaini kwamba mimi nitaamka na meno meupe.

Daktari wa meno ni kijana mpole. Kabla hajaanza aliniambia, "Mama, hii mashine iko na kelele. Ikikuzidi inua tu mkono, tutapumzika."

Sikuinua.

Kelele ile haipiti masikioni peke yake. Ilipofika magego ya chini, upande wa kushoto, niliisikia ndani ya mfupa wa taya, ikapanda hadi nyuma ya jicho. Machozi yalinitoka. Nilikunja vidole vya miguu ndani ya viatu nikanyamaza, maana ndivyo tulivyolelewa. Nimezalisha wasichana hapa waliouma leso mwanzo hadi mwisho bila kutoa sauti, huku mama mkwe ameketi nje akisikiliza kama ataaibishwa. Nikiwaambia waseme wakisikia uchungu, wananitazama kama ninawatega. Kumbe mimi ni wao hao hao. Nilijiambia hii ni mashine ya meno tu, wenzako wanasukuma watoto.

Alipomaliza alinipa kioo. Fizi safi, meno laini, na yale ya mbele kahawia vile vile. Nilicheka, naye akacheka kidogo kwa adabu. Nilipokuwa nashuka ngazi niliusikia mlio nikadhani mashine inamsafisha mtu mwingine huko juu. Nilifika stendi, mlio uko. Nilifika nyumbani, mlio uko.

Jumatatu asubuhi nilizunguka chumba cha chanjo nikitafuta friji ina shida gani. Nikamwomba Mwende, muuguzi mwenzangu aliyekuja kwetu juzi juzi tu, anyamazishe kengele ya friji. Alisimama, akatega sikio, akaniambia, "Sista, hii friji imenyamaza kabisa." Nilijifanya nimetania. Mwende hakucheka.

Nimesoma kwenye simu hadi macho yakauma. Mmoja anasema mlio wa namna hii baada ya kusafishwa meno hupoa wenyewe. Mwingine anasema alingoja upoe na anangoja hadi leo. Nilimpigia daktari wa meno. Alisema mara nyingi hupoa, lakini usipopoa nisikae nao, nirudi Kitui nipimwe masikio. Nikasema asante daktari, na nikakaa nao.

Ninachoogopa nakijua. Baba yangu alifanya kazi kwenye kinu cha kusaga unga tangu nikiwa mdogo. Kinu kilimla masikio polepole, na yeye hakuwahi kulalamika. Mwishowe alikuwa anacheka wakati watu wengine wameshanyamaza. Kwenye maombi alisema "Amina" katikati ya sala, kwa sauti kubwa, na sisi watoto tulijikaza tusicheke. Alikufa akiwa mpweke ndani ya nyumba iliyojaa watu.

Halafu kuna kazi.

Ile mashine ya betri ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni iliharibika, na tunangoja nyingine. Kwa sasa tunatumia kipembe cha chuma, kama walivyotumia waliotufundisha. Unaweka upande mmoja kwenye tumbo, sikio kwenye upande mwingine, unaachilia mkono, unafunga macho. Mimi nimezoea sikio la kushoto. Watoto wa Kyuso nimewasikia kwa sikio hilo kabla mama zao hawajawaona, na wengine sasa wananisalimia sokoni bila kujua kwamba tulijuana zamani. Ni kitu pekee ambacho nimewahi kujivunia bila kuona aibu.

Leo aliingia Ndanu. Ni msichana mtaratibu, mimba yake ya kwanza, mwezi wa nane. Amekuja na mama mkwe wake, ambaye aliketi kwenye benchi la nje. Nilimpima presha, ilikuwa nzuri. Nikamlaza, nikapapasa mtoto alivyokaa, nikaweka kipembe na sikio langu.

Nilisikia mlio tu.

Nikahamia sikio la kulia. Hapo kulikuwa na kitu, mbali sana. Lakini kilikuwa moyo wa mtoto ama mshipa wa mama? Nilimshika Ndanu kiganja nilinganishe na mapigo yake, na sikuweza kutofautisha. Mlio ulikuwa unamwagikia kila kitu. Nikafunga macho kwa nguvu, kana kwamba macho ndiyo yenye kelele. Ndanu alikuwa ananitazama usoni, jinsi wanavyofanya wote, wakisoma uso wa muuguzi kabla hajasema neno.

Nilishawishika, shajara. Tumbo lilikuwa na ukubwa mzuri. Ndanu mwenyewe alikuwa amesema mtoto anacheza. Kadi yake ilikuwa wazi mbele yangu na ningeandika kwamba moyo uko sawa, na pengine ingekuwa kweli. Nani angejua?

Nilifungua mdomo nikitaka kumwambia aamke. Yakatoka mengine. "Ndanu, sikio langu lina shida. Si mtoto, ni mimi. Wacha nimwite Mwende asikilize."

Ukiacha daktari wa meno, ilikuwa mara ya kwanza kumwambia binadamu yeyote.

Mwende alipiga magoti, akasikiliza. Halafu, bila kuniangalia na bila kuambiwa, akaanza kugonga kwa kidole kwenye ukingo wa kitanda, upesi upesi, sawasawa, kadiri alivyokuwa anasikia. Alikuwa ananionyesha. Nilisimama pale nikautazama moyo wa mtoto wa Ndanu kwenye kidole cha mtu mwingine. Nilishukuru Mungu, na papo hapo nikaona wivu mchungu ambao sijawahi kuuona. Nageuza uso niandike kadi, herufi zimejaa maji.

Ndanu aliketi, akavuta leso yake. Nilidhani amekasirika kwamba nimemtia wasiwasi bure. Akaongea chini chini.

"Sista, kuna kitu sikukuambia. Maji inatoka kidogo kidogo. Nimeona tangu juzi. Nilidhani ni mkojo. Mama mkwe alisema mtoto wa kwanza huwa hivyo, nisisumbue watu."

Mwende na mimi tuliangaliana. Tulipomkagua hayakuwa mkojo. Ni chupa ya uzazi iliyokuwa inavuja, kabla ya uchungu na kabla ya wakati, na njia iko wazi kwa ugonjwa kumfikia mtoto. Nilimpima joto, lilikuwa limeanza kupanda kidogo tu. Tukapiga simu gari la wagonjwa lije limpeleke Mwingi hospitalini.

Mama mkwe alisimama nilipomweleza. "Kwani ni nini, na hajalia hata siku moja?"

"Ndiyo shida, mama," nikamwambia. "Hajalia."

Alivua shuka aliyojifunika mabegani akamfunika Ndanu nayo, akapanda gari pamoja naye. Mwende naye alienda nao.

Kabla mlango wa gari haujafungwa Mwende aliniuliza kwa Kikamba, taratibu, imekuwa hivyo tangu lini. Nikamwambia tangu Ijumaa. Niliona akihesabu siku nyuma hadi ile Jumatatu ya friji. "Na wale wa Jumanne, sista?"

Jumanne nilisikiliza akina mama wawili. Niliwasikia watoto wao kwa sikio la kulia.

Nadhani.

Sikulala vizuri juu ya neno hilo hata kabla Mwende hajaniuliza. Kwa hivyo jioni hii nimewapigia wote wawili, nimewaomba waje kesho wasikilizwe na Mwende akirudi kutoka Mwingi, na nimewaeleza sababu bila kuzungukazunguka. Mmoja aliniambia pole. Mwingine aliniuliza kama nitapona. Nimempigia pia msimamizi wetu, nikasema kipembe hakitakuwa mikononi mwangu hadi nipimwe. Nimesema haraka haraka ili nisibadilishe nia. Huenda mlio utapoa wiki ijayo na nionekane mwoga. Huenda hautapoa kamwe, na itabidi nijifunze kuwa muuguzi wa chanjo na vidonda. Kesho naenda Kitui.

Baba Mutua, mume wangu, ameingia sasa hivi kutoka shambani, ana maganda ya ndengu kwenye nywele. Ameniuliza mbona niko kimya. Nimemwambia aketi, nina jambo, lakini aketi upande huu mwingine. Ameketi. Nimemweleza yote, naye ameushika mkono wangu anausugua kwa kidole gumba.

Kutoka Mwingi hawajapiga. Mwende aliahidi atapiga mtoto akizaliwa, ama mambo yakiwa mengine.

Simu nimeiweka kulia.