Jiwe la Nyuma ya Jikoni

Mwenzangu, leo nalala kwako. Usinibishie, soma kwanza.

Si unajua nimekuwa nikipekua zile picha za kale mtandaoni, za wenyeji waliokaa huku kabla ya mtaa wetu kujengwa? Leo nimefungua moja, watu wamesimama kando ya mashimo, vichwa chini. Maelezo yanasema, "Wenyeji wakizika watu wao." Makaburi tisa. Nimeyahesabu mara mbili.

Nyuma yao kuna jiwe.

Jiwe LETU, jamani! Lile lililopasuka katikati, ninaloanikia matambara ya kudekia! Nimetoka na simu mkononi, nikalinganisha. Ufa ule ule, nundu ile ile. Na kwa jinsi lilivyokaa pichani, makaburi yako chini ya chumba chetu. Chini ya kitanda!!

Nimemkimbilia mama mkwe, maana ndiye aliyeijenga nyumba hii. Nimemkuta anachambua mchele. Nikajua atapiga ukelele. Wala! Kavaa miwani yake, kaitazama picha weee, halafu ananiambia taratibu, "Mbona hapa wako tisa tu? Sisi tulipochimba msingi tuliwakuta kumi na wawili."

Kumi na wawili. ALIJUA. Miaka sita nalala pale na wanangu, na alijua!

Nikamuuliza, "Sasa mama, mliwapeleka wapi?"

Akarudi kwenye ungo wake.

"Tungewapeleka wapi, mwanangu? Kwao ni hapa."