Wasiwasi wa Wastani

Mumbuni, Machakos
14 Septemba 2008

Kwako dada yangu mpendwa Mukai,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini wewe, shemeji na watoto mko salama huko Kitale, na kwamba kikohozi cha mdogo kimepungua. Mimi mwili ni mzima. Mwaitu naye ni mzima, ila goti linamsumbua na hataki kusikia habari ya kupumzika, unamjua mama yetu. Juzi nilimkuta akipura mbaazi peke yake. Mvua bado.

Uliniuliza kama ni kweli Sista Kamanthe, aliyekufundisha kazi ulipokuwa mwanafunzi wa uuguzi, alifutwa kazi kwa uzembe. Kwa simu nilikujibu kwamba sijui mengi. Nilikudanganya.

Mwaka jana wafadhili waliletea hospitali yetu kompyuta. Pamoja nazo ikaja orodha ya maneno sanifu ya uuguzi: kila shida ya mgonjwa ina jina moja tu, ili muuguzi wa hapa na wa ng'ambo wakisoma waelewe kitu kimoja. Wazo lenyewe si baya, na bado nasema hivyo. Unazikumbuka faili zetu za zamani, mmoja anaandika "hajisikii vizuri", mwingine "yuko hivyo hivyo tu". Nilipelekwa Nairobi wiki mbili kujifunza, nikarudi na cheti, nikafanywa msimamizi wa rekodi za wodi. Nilijiona sana, Mukai.

Chini ya orodha kulikuwa na nafasi ya kuandika kwa maneno yako mwenyewe, jambo likikosa jina. Matroni hakuipenda nafasi hiyo, kwa sababu kila Ijumaa ripoti ilionyesha wodi gani imeitumia mara nyingi. Yetu ilishika mkia kila wiki, na sababu ilikuwa Sista Kamanthe. Aliandika kama anavyoongea. Nikimwambia achague kwenye orodha, ananijibu kwa upole kwamba mgonjwa hakuisoma hiyo orodha kabla ya kuugua.

Mwezi wa tatu tulimlaza Hafso, mke wa Abdiqani anayeuza mbuzi. Alijifungua mtoto wa kike kwa upasuaji, salama kabisa. Siku ya tatu asubuhi alimshika Sista mkono akamwambia kifua kinambana akivuta pumzi, na anaona anakufa. Daktari alikuwa chumba cha upasuaji. Sista alipiga simu huko, akaambiwa aandike kwenye kompyuta, daktari akitoka ataona. Akaandika maneno ya Hafso vile vile, akaongeza kwamba daktari aanze na huyu. Kisha akakimbilia mama mwingine aliyekuwa akitokwa na damu.

Daktari alitoka saa sita. Kwenye rekodi ya Hafso alikuta: "Wasiwasi wa wastani. Afarijiwe." Akaanza na wagonjwa wa upande wa pili. Alipomfikia Hafso alikuwa ameshakata roho. Damu iliyoganda mguuni ilikuwa imepanda mapafuni.

Kamati ikaitwa. Karatasi iliyochapwa ilikuwa na jina la Sista Kamanthe chini ya maneno hayo. Alisema si aliyoyaandika yeye. Mmoja wao akatabasamu, akasema mama huyu hajawahi kuielewa mashine. Walimwachisha kazi akiwa amebakiza miaka miwili astaafu. Mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu za kikao, na niliziandika vizuri, bila kosa hata moja.

Mukai, ni mimi niliyeyabadilisha. Ilikuwa Ijumaa. Saa tano niliketi kusafisha rekodi kabla ripoti haijaenda. Niliyasoma maneno ya Hafso, nikayafuta, nikachagua ya orodha. Orodha ilikuwa na jina la shida ya kupumua, lakini lilitaka vipimo ambavyo lazima umwendee mgonjwa ndipo uvipate. Kitanda chake kilikuwa hatua kumi kutoka nilipoketi. Sikuinuka. Na mashine ikaliacha jina la Sista pale pale.

Jumamosi iliyopita nilimfuata kwake Wamunyu, nikamwambia yote. Hakushtuka. Alisema alijua tangu siku ya kikao, kwa sababu ni mimi tu niliyeruhusiwa kubadilisha yaliyoandikwa na wengine. Siku ile alikuwa akiniangalia, akingoja niweke kalamu chini niseme. "Kwangu umechelewa," aliniambia. "Nenda kwa Abdiqani."

Bado sijaenda. Jana nilikutana naye karibu na msikiti, amembeba mtoto. Alinishukuru tena kwa jinsi tulivyomtunza mkewe. Nikaitikia.

Kesho saa nne nitaenda kwake, kisha kwa mkurugenzi. Barua hii ikikufikia, nipigie simu uniulize kama nilifika. Usiniulize kitu kingine.

Wasalimie shemeji na watoto wote. Mwaitu anasema mje Desemba.

Ni mimi mdogo wako,
Kalekye