Kisima Nilichoandika Kuwa Kimekauka

(Ukurasa huu nimeunakili kutoka daftari langu la miaka ya vita. Majina nimeyabadilisha.)

Beni, Ijumaa, alasiri. Jua limewaka tangu asubuhi, hakuna hata wingu la kutudanganya. Nimejifungia chumbani. Nimenawa kwa kikombe kimoja na mikono bado inanuka tope.

Nitaandika kwa utaratibu, kama ninavyofanya ofisini.

Mwezi uliopita, chemchemi ya bondeni ilipobaki kama uzi, chefu, mkuu wa mtaa ambaye mimi ni karani wake, alinituma nipime visima vya nyumbani. Nilifunga jiwe kwenye kamba, nikapiga fundo kila urefu wa mkono mmoja, nikapita ua kwa ua nikihesabu mafundo yaliyotoka yamelowa. Niliandika jina la mwenye kisima na mafundo ya maji, tukabandika orodha mlangoni mwa ofisi ili kila familia ijue ichote wapi. Nyumba yetu, ya mama yangu na mimi, na nyingine kumi tulipangiwa kisima cha Mama Katungu, mjane jirani yetu. Bidoni mbili, yaani madumu mawili, kwa nyumba, asubuhi tu, na ufunguo wa kifuniko anao yeye. Maji ya kuoshea vyombo tulimwagia mchicha wetu wa lengalenga. Watu walinisifu.

Mimi pia nilijisifu.

Jumatano askari walikuja ofisini wakaibandua orodha ile. Hawakumpiga mtu. Afisa wao aliisoma polepole, akasema mwandiko ni mzuri, akaagiza nimwandikie mpya yenye vipimo vya wiki hii. Alitaka visima viwili vyenye maji mengi kwa ajili ya kambi. Sote tunajua maana yake. Kisima kikichukuliwa, na ua unachukuliwa, wenyewe wanatoka na magodoro kichwani.

Nilikaa mbele ya karatasi muda mrefu. Kisima cha Mama Katungu kilikuwa na mafundo matano, mengi kuliko vyote mtaani. Niliandika: kimekauka.

Ningependa kusema nilimwonea huruma mjane. Ukweli ni kwamba nilifikiria bidoni mbili za mama yangu.

Jana asubuhi afisa aliipokea, akaweka kidole kwenye jina lile.

“Mwezi uliopita matano. Leo hakuna kitu?”

“Ni jua, afande.”

“Sawa. Kesho tutapima na jiwe letu.”

Sikumbuki nilivyofika kwa Mama Katungu. Nilimweleza nimesimama, nikidhani atanifukuza.

“Mutoto yangu, donc wewe unajua kukausha kisima na kalamu ya bic,” alisema. Alicheka kidogo, bila furaha. Kisha akavua ufunguo shingoni. “Sisi tutakikausha na bidoni. Ita watu. Bakuje moja moja, bisikuwe kama soko.”

Tulichota mchana kutwa. Nyumba kumi na moja, watu wale wale waliokuwa wakigombana juu ya kikombe kilichomwagika, sasa wanapokezana ndoo. Tulijaza bidoni, masufuria, mabeseni ya watoto, hata pipa ambamo Mama Katungu huchachushia kasiksi, pombe ya ndizi. Mzee Paluku, ambaye siku zote hulalamika, alipokea ndoo ya tatu akatikisa kichwa.

“Mwezi muzima munanikatalia maji ya kunawa sura. Leo munataka nioge ya leo na ya Pasaka pamoja.”

Hata Mama Katungu aligeuka asionekane akicheka.

Jioni mimi niliteremshwa kwa kamba, kwa kuwa ni mwembamba. Nilichota tope kwa mkebe, nikaziba mahali maji yanapotokea kwa udongo na maganda ya mgomba. Huko chini niliona mbingu ndogo kama sahani. Nilitetemeka mpaka Mzee Paluku akauliza kama kamba ina homa.

Leo asubuhi walikuja watatu. Jiwe lao lilipanda na tope peke yake. Afisa alikata jina la Mama Katungu kwa kalamu, akasoma jina linalofuata.

Linalofuata lilikuwa la Papa Muhindo, ng’ambo ya barabara. Wao ni Waprotestanti, sisi Wakatoliki, lakini kwenye misiba tunazikana. Kwake niliandika mafundo manne, kwa sababu yalikuwa manne. Visima viwili vilihitajika: kimoja kingechukuliwa vyovyote vile, na nilipokificha cha Mama Katungu nilijua kingine kitapanda kushika nafasi yake. Nilijua wakati kalamu iko mkononi. Sikutaka kusoma ni jina la nani.

Kabla ya saa sita familia yake ilikuwa imekaa kwenye ngazi za kanisa lao, na magodoro.

Saa nane mke wake, Mama Masika, alikuja na bidoni moja. Nilikuwa uani kwa Mama Katungu. Nyuma ya pazia la mlango, hatua tatu kutoka alipokanyaga, pipa lilikuwa limejaa hadi ukingoni.

“Mama Katungu, hata nusu. Batoto habayakunywa kitu tangu asubui.”

Mama Katungu alinitazama mimi, hakumtazama yeye.

“Kimekauka, dada. Uliza karani, ni yeye aliandika.”

Mama Masika akanigeukia. “Ni kweli, karani?”

Nilisema ni kweli.

Alinishukuru. Alisema afadhali kuambiwa mapema kuliko kuzunguka bure juani. Akaondoka na bidoni tupu ikigonga goti lake.

Sikumlaumu Mama Katungu. Askari sasa wako ng’ambo, wanaona kila anayeingia na anayetoka. Tukimpa mmoja, watoto wake watasema kwa wengine, na atakayeulizwa kwa kitako cha bunduki atajibu. Hesabu hiyo ni sahihi. Nimeirudia mara nyingi na bado ni sahihi.

Chini ya kitanda changu kuna bidoni nne. Nikinyoosha mguu nazigusa.

Kesho asubuhi nitabeba moja hadi kanisani. Nimeandika sentensi hiyo, nikaifuta, nikaiandika tena. Naiacha ibaki.

Lakini Mama Masika akiniuliza maji haya yametoka kisima gani, nitamtazama wapi?