Pointi ya Kwenda Taveta

Baba Mwadime,

Ni mimi mkeo, nani mwingine angekusumbua mpaka huko? Anayeandika ni Wakesho, mke wa Mwadime wetu. Nimemwambia aandike vile nasema, asininyooshee maneno. Nyumba haivuji, yule mbuzi mweusi amezaa mapacha, na dada yako wa Wundanyi bado anasema kimanga changu cha muhogo na maharagwe kina mawe. Anakula lakini. Sasa habari yenyewe: ile pointi ya Taveta nimeichagua mimi.

Usishtuke, tulia nikueleze.

Ulituachia meza yako katikati ya nyumba, na ile treni ndogo Mjerumani wa shamba la mkonge alikupatia akirudi kwao. Stesheni ya Voi yote uliijenga kwa mbao za sanduku la chai, mpaka tangi la maji, mpaka ile kota ya reli tuliyokaa. Reli ya Mombasa iko, ya Nairobi iko. Ya kwetu Taveta ilikuwa inaanzia hewani. Hapo inapochepuka, pa kuweka pointi ya kugeuza treni njia, uliacha nafasi, ukaniambia, "Hapo usipanguse hata vumbi. Nangoja pointi ya maana." Ukangoja, ukangoja, kifua kikakuchukua. Watu wa matanga walitaka kuweka sufuria juu ya Nairobi, nikawafukuza.

Mwadime akarudi kutoka melini na kisanduku cha vibonye. Mzee, dunia imekwenda! Kila injini ina namba yake, kila pointi namba yake, kama milango ya kota. Unabonyeza namba, amri inapita ndani ya reli yenyewe, na mwenye namba hiyo peke yake ndiye anasikia. Wengine kimya. Ningekuwa nacho wakati nalea watoto wako!

Lakini pointi za kusikia namba ni za kununua Ulaya, na yeye alikuwa na safari moja tu imebaki ya upande huo. Tukikosea, basi, Taveta inabaki hewani. Akaniletea kitabu cha picha. Kusoma sijui, picha naona.

Kulikuwa na fupi na ndefu. Fupi inapinda haraka, inatosha pale pale mezani. Ndefu inapinda polepole, lakini meza lazima iongezwe mpaka kitandani kwangu. Mwadime akasema, "Chukua fupi, mama, wewe utalala wapi?" Mimi nikakusikia wewe: "Gari refu halikunjwi kama mkeka." Tukachukua zile waya zako za kupimia reli, ulizoacha chini ya meza, Wakesho akazipinda namna zote mbili, tukapigilia kwenye ubao, tukasukuma injini kwa mkono. Kwa fupi ikapanda waya ikaanguka. Kwa ndefu ikapita kama mtu anaenda kanisani. Mwadime akacheka, akasema haya, ndefu.

Kwa mota ya kuigeuza hiyo pointi ndiyo tulivutana. Yeye anataka ile inafichwa chini ya meza, juu haionekani kitu. Ni nzuri, sikatai. Mimi nikaweka kidole kwa ile nyingine, mbaya hivi, mota imekaa kando ya reli kama chura, lakini ina mkono mdogo wa kuvuta. Inasikia namba, na ukitaka unavuta mwenyewe. "Mama, ya kazi gani mkono na kibonye kipo?" Nikamwambia, baba yako amevuta mkono wa pointi maisha yake yote hapo Voi, sasa kwa reli yake mwenyewe atashika wapi?

Akaenda nje. Aliporudi macho mekundu, akasema vumbi. Vumbi ya Voi tunaijua.

Krismasi akaja nayo, akaifunga. Kitanda nimesogeza, meza inapita juu ya miguu yangu. Nikilala, miguu iko Mwatate, njiani kwenda Taveta. Watu wakajaa, mpaka dada yako. Mwadime akabonyeza namba. Ta! Taa ya kijani. Wote wakasema, twende.

Nikasema ngojeni.

Unakumbuka ukivuta mkono wa pointi, hukuinua bendera kwanza. Ulienda mpaka kwa ule ulimi wa reli unaosogea, ukaupiga teke mbili, uone umelala sawa. Hata mlango wetu, ukishafunga, teke mbili. Nikakwambia utauvunja. Basi mimi nikauinamia ule ulimi mdogo, nikaubonyeza kwa kidole, mara mbili. Ulikuwa umefunga vizuri kabisa, haukutaka kidole changu. Mimi ndiye nilikitaka.

Halafu nikasema, pita.

Ikapita, mume wangu. Ikachepuka taratibu, haikutikisika, na behewa la nyuma nimelipakia ndizi, zile ndogo za kwetu, kama ile siku uliponitoa kwa baba yangu nikashuka hapo Voi na mikungu na machozi. Ulisema ungenirudisha Taveta kwa treni. Umenirudisha.

Sasa Wakesho amechoka, na mbuzi analia. Lala, Baba Mwadime. Hakuna treni itaenda Taveta kwa nyumba hii kabla sijaweka kidole, na nikishindwa kuinama nitamfundisha Wakesho. Mlango nao naupiga teke kila jioni. Haujavunjika.

Siku nitakapokuja, hiyo pointi ya huko nifungie wewe. Sitapita mpaka nisikie teke ya pili.

Mkeo,
Mama Mwadime